Wajukuu Wana Haki ya Kutucheka

Mavazi ya chemsha bongo ya zamani ya Ufaransa, yakitazamwa katika baridi ya Masisi na joto la Walikale

Kipindi kilekile cha televisheni hutazamwa kwa macho mawili katika Kivu ya Kaskazini. Huko juu, kwenye vilima vya Masisi, mtazamaji aliyejifunika blanketi anamwona mshindani wa Kifaransa amevaa triko zito la sufu, shingo imefunikwa hadi kidevuni, naye anatikisa kichwa kwa heshima: “Huyu amejua kuvaa.” Huko chini, Walikale, mtazamaji aliyefungua vifungo vyote vya shati na kukaa mlangoni apate upepo anamwona mshindani huyohuyo na kumhurumia: “Maskini, hakuna mtu wa kumwambia avue?”

Kipindi chenyewe ni Questions pour un champion, chemsha bongo iliyoanza kurushwa Ufaransa mwaka 1988. Mtangazaji wake, Julien Lepers, alikaa nacho hadi mwaka 2016, akiwa na kadi zake mkononi na maswali yakimtoka mdomoni kwa kasi ya mvua ya mawe. Washindani wanne wanaanza, kila mmoja na kitufe chake. Watatu wa kwanza kufikisha pointi tisa wanaendelea. Kisha inakuja zamu ya kujibu maswali manne mfululizo bila kukosea, na mwisho wanabaki wawili wanaotazamana uso kwa uso. Kwa njia ya TV5 kipindi kiliingia katika nyumba nyingi za Afrika inayosoma Kifaransa, na walimu, mapadri, wauguzi na wanafunzi wa sekondari wakakifanya chao.

Siku hizi kinarudi kwa njia nyingi. Kinarudi kwenye dishi la jirani mwenye sola nzuri, na kinarudi kwenye kadi ya simu, kimebanwa katikati ya filamu za Nigeria na nyimbo za dini. Vipindi vya miaka thelathini iliyopita vinatazamwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati mshindani yule alipopiga kitufe. Majibu mengi wanayajua, au wanayatafuta. Kinachowashinda ni nguo. Hapo ndipo kicheko kinapoanza, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, elimu ya kweli ya kipindi hiki inapoanzia kwetu.

Mabega ya mbao

Masisi na Walikale ni majirani wasiovaa sawa. Wilaya ya Masisi ina kilometa za mraba 4,734 za vilima, malisho na ukungu, na vilima vyake vingi vinapita meta 2,000. Ndiyo nchi ya ng’ombe na ya jibini la duara linalouzwa hadi Goma na Kinshasa. Asubuhi ya Masisi haina mzaha: mchungaji anatoka na koti refu, kofia, fimbo na mabuti ya mpira. Walikale ina kilometa za mraba 23,475, karibu sehemu mbili kwa tano za jimbo zima, na sehemu yake kubwa ni msitu wa bonde la Kongo. Huko jasho linaanza kabla ya chai. Wachimba madini wanaopita Mubi na Ndjingala huvaa jezi za mpira ambazo mvua, tope na jua vimezipa rangi moja.

Kwa hiyo mavazi ya studio ya Ufaransa hayawezi kupata hukumu moja. Triko lenye michoro ya pembe nne, ambalo mjini Paris kwenyewe limeshapitwa na wakati, lingepata mnunuzi Masisi kabla jua halijazama. Skafu ya shingoni ingegombaniwa Kitchanga. Walikale vitu hivyo vinatazamwa kama mtu anavyotazama vazi la mpiga mbizi: vinastaajabisha, ila mwenyewe huna pa kwenda navyo.

Kuna jambo moja linalowaunganisha watazamaji wa juu na wa chini, nalo ni mabega. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 makoti ya Ulaya, ya wanaume kwa wanawake, yalishonwa na siponji ndani ya mabega. Mama mwembamba yuko nyuma ya meza ya mashindano akiwa na mabega ya mpiga ngumi. Nilisikia mama mmoja akiuliza kwa wasiwasi halisi, macho yakiwa kwenye skrini: “Huyu mama amebeba nini mle?” Swali lake lilikuwa la haki. Katika vilima vyetu mwanamke hubeba kuni, viazi na ndizi mgongoni, kamba ikiwa imezungushwa kwenye paji la uso. Anajua bega linapata wapi ukubwa wake. Kumwona mwenzake aliyepata mabega ya mbao bila kubeba hata kilo moja ni jambo la kumfanya acheke hadi machozi yamtoke, na alicheka.

Kuanzia kiunoni kwenda juu

Chemsha bongo ile ina siri moja ya mavazi ambayo mtu wa Masisi huigundua haraka kuliko mtu wa Paris. Washindani wako nyuma ya meza. Kamera inatupa uso, shingo, kifua na mkono unaopiga kitufe. Sehemu ya chini haionekani. Mshindani angeweza kuwa amevaa kandambili, suruali ya kazi ya shambani, hata pajama, na akaitwa bingwa wa kipindi.

Kwetu hilo lisingewezekana. Kwenye barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi, mtu hupimwa kuanzia chini. Mvua ikinyesha, udongo wa vilima vile unashika kama gundi, na wa kwanza kuulizwa hali ni viatu. Mwalimu mwenye busara hutembea na mabuti ya mpira hadi karibu na shule, anaosha miguu kijitoni, anatoa viatu vya ngozi kwenye mfuko wa plastiki, anavaa, na ndipo anaingia darasani akiwa mwalimu kamili. Mama anayekwenda kwenye harusi hupandisha kikwembe chake hadi shavu la mguu, anavuka dimbwi, kisha anakishusha taratibu kama mtu anayefunga pazia. Wazee wa Masisi wamekamilisha kitu ambacho sijakiona katika jarida lolote la mitindo: koti la suti lenye vifungo viwili, shati lililopigwa pasi, kofia ya heshima, na chini yake mabuti ya mpira yanayofika magotini. Ukikitazama mara ya kwanza unatabasamu. Ukipanda mlima saa moja na mzee kama huyo unaelewa kwamba yeye ndiye aliyevaa na wewe ndiye uliyekosea.

Ndiyo maana vijana wanaotazama marudio haya huwa na mchezo wao wa pembeni. Mtangazaji anauliza habari za wafalme na mito. Wao wanabishana mshindani wa tatu amevaa viatu gani. Jibu haliji kamwe. Kipindi kinakwisha, bingwa anashangiliwa, na swali la viatu linabaki wazi hadi kesho jioni.

Tai iliyofungiwa

Kati ya nguo zote za kipindi kile, moja ina historia ndefu kwetu kuliko kwa Wafaransa wenyewe. Tuiulize kwa mtindo wa zamu ya mwisho, ambapo dokezo la kwanza lina pointi nne na kila dokezo linalofuata linapunguza moja.

Kwa pointi nne: nilikatazwa katika nchi yenu mwaka 1972, ingawa sikuwa nimemdhuru mtu. Kwa pointi tatu: nafasi yangu ilichukuliwa na koti la mikono mifupi au mirefu lenye kola iliyofungwa, ambalo jina lake lilimaanisha kwamba suti ishuke chini. Kwa pointi mbili: niliachiwa huru N’Sele, tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ileile iliyomaliza utawala wa chama kimoja. Kwa pointi moja: wanaume hunifunga shingoni Jumapili na kunilegeza mara tu misa inapokwisha.

Mimi ni tai, au kravati kama wazee wa Kivu wanavyoniita.

Kijana wa leo anapoambiwa kwamba baba yake mkubwa hakuruhusiwa kuvaa kravati anadhani anataniwa. Ni kweli tupu. Baada ya nchi kubadilishwa jina kuwa Zaire mwezi Oktoba 1971, siasa ya kurudi kwenye uhalisia iliingia hadi kabatini. Koti lile la kola iliyofungwa, abacost, likawa vazi la mwanamume wa heshima, kuanzia waziri hadi mkurugenzi wa shule ya kijijini. Wanawake walitakiwa wavae vikwembe; suruali, sketi fupi na nywele za bandia zikawekwa upande wa makosa. Televisheni ya taifa ilikuwa na mlolongo wa abacost kila usiku, ukitanguliwa na picha ya Rais Mobutu akitokea katikati ya mawingu kabla ya taarifa ya habari. Abacost nyingine za wakubwa zilishonwa Ubelgiji, kwa hiyo vazi la uhalisia lilifika kwa ndege.

Sasa weka tarehe pamoja. Mwaka 1988, mtangazaji wa Kifaransa alipokuwa anaanza kipindi chake na wanaume waliovaa tai, mtu aliyefunga tai hivyohivyo na kwenda ofisini kwake Masisi-centre alikuwa anajitafutia matatizo. Miaka miwili baadaye tai ikaruhusiwa, ingawa Mobutu mwenyewe alibaki na abacost yake. Mwaka 1992 TV5 ikaanza masafa yake ya Afrika. Tai za chemsha bongo zilitufikia zikiwa zimeshapata msamaha.

Mzee mmoja aliyefundisha shule ya msingi enzi zile aliwaeleza wajukuu wake jambo hili wakati kipindi kikiendelea. Alisema walipotangaza ruhusa, wanaume wengi wa umri wake walikuwa wamesahau kufunga fundo, na vijana hawakuwahi kujifunza. Ilibidi watafute mtu mmoja aliyekumbuka, na huyo akawafungia tai zao wote. Tangu siku ile walizivaa kwa kupitisha kichwa na hawakulifungua fundo tena. “Yangu iko vile mpaka leo,” alisema. Mjukuu mmoja akaruka kwenda chumbani kuhakikisha, akarudi nayo mkononi. Fundo lilikuwa gumu kama kokoto, limeng’aa kwa kuguswa, na kitambaa pale kilikuwa cheusi zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa sababu jua halikuwahi kuingia katika mikunjo yake. Kwenye skrini bingwa alikuwa anashangiliwa, hakuna aliyemtazama.

Inafaa kuwakumbuka pia wale waliokataa kusubiri ruhusa. Papa Wemba, aliyeunda bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, na vijana wa Sape, wale wapenda mavazi wa Kinshasa, walivaa suti za Ulaya kwa madaha wakati sheria ikitaka abacost. Walichukuliwa na wengi kama wapenda anasa. Leo mtu akitazama picha zao anaona pia ukaidi wenye vifungo vya dhahabu. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufariki tarehe 24 Aprili 2016, siku ya kumbukumbu ya hotuba iliyoiachia tai.

Nguo nazo zina marudio

Jioni moja ya marudio, kijana mmoja alinyanyuka kwenye benchi na kuinyooshea skrini kidole: “Ile koti iko ya papa!” Chumba kizima kikageuka. Papa alikuwa kwenye kiti cha pembeni, na kweli alikuwa amevaa koti la kahawia lenye mistari membamba, la vifungo vinne vilivyopangwa mbili-mbili, ndugu wa tumbo moja na lile la mshindani wa pili. Papa alijitazama, akatazama skrini, akasema kwa utulivu kwamba la kwake lina mifuko mizuri zaidi.

Kijana hakukosea sana. Nguo zilizovaliwa Ulaya miaka ile hazikuyeyuka. Zilitoka makabatini, zikaingia kwenye vikapu vya hisani, zikapangwa kwa aina, zikabanwa kuwa marobota, zikapanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, zikavuka Uganda au Rwanda, na zikafunguliwa Goma. Kutoka hapo zikapanda lori hadi Sake, Masisi na Kitchanga, na nyingine zikaendelea na safari ngumu ya Walikale. Hakuna ushahidi kwamba koti la papa ni lile la mshindani, lakini la aina ile, la miaka ile na la nchi ile, hilo linawezekana kabisa. Mshindani alilivaa kwa dakika thelathini za kipindi na harusi chache. Papa amelivaa miaka kumi na tano.

Biashara hiyo imeingia hata katika siasa za majirani. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili kulinda viwanda vyake vya nguo. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuyasimamisha mavazi ya Rwanda yasiingie tena kwake bila ushuru. Mabishano ya mataifa, na katikati yake triko la mtu asiyejulikana wa Ufaransa. Upande wetu wa mpaka marobota yaliendelea kufunguliwa, na wanunuzi wakaendelea kuinama.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mitumba si ya kuazima. Mtu ameinunua, ameipatanisha bei, na zaidi ya yote ameipeleka kwa fundi. Hapa ndipo ningependa kamera ya Ufaransa ije. Fundi ameketi kwenye baraza, miguu kwenye kanyagio la cherehani, mdomo umeshika pini tatu. Analigeuza koti ndani nje, anapasua mshono wa bega kwa ncha ya wembe bila kugusa kitambaa, na anaitoa siponji ile, ile iliyomshangaza mama. Haitupi. Kwenye baraza moja niliiona imekuwa mto wa sindano, imechomekwa sindano za saizi zote kama nungunungu mdogo, na mafundi watatu wanaichangia. Kisha anashusha bega, anabana kiuno, anafupisha mkono kwa kuanzia juu ili vifungo vya mwisho wa mkono visihamishwe. Koti lililokuwa la mtu mwenye mabega ya mbao linatoka likiwa la mtu wa Masisi. Kazi hiyo anaifanya bila umeme, chini ya bati linalovuja, na mteja anataka aende nalo kanisani kesho.

Fundi yule hajawahi kuulizwa swali kwenye televisheni. Lakini ukimpa koti lolote akaligusa kwa vidole viwili, atakwambia ni sufu tupu au imechanganywa, bitana imebadilishwa au ni ya awali, mwenyewe alikuwa mnene akapungua au mwembamba akanenepa. Anajibu manne mfululizo bila kukosea, na hahitaji kitufe.

Nyeupe na bluu

Sisi nasi tuna chemsha bongo yetu. Génies en herbe ilianzia katika televisheni ya Radio-Canada mwaka 1972, ikasambaa katika nchi zinazosoma Kifaransa, na katika shule za Kongo ikapata makao ya kudumu. Mahali palipo na sekondari mbili zinazooneana wivu, pana Génies en herbe. Wanafunzi wanne upande huu, wanne upande ule, jopo la walimu katikati, na nje ya madirisha shule nzima imepandiana mabegani.

Mavazi huko hayana mjadala: shati jeupe, suruali au sketi ya bluu, kama wanafunzi wote wa Kongo. Mtoto wa mfanyabiashara wa Rubaya na mtoto wa mkulima wa Nyabiondo wanaketi meza moja wakiwa na rangi zilezile. Hapo vazi linanyamaza na akili inasema peke yake. Hata hivyo, mwenye jicho huona. Weupe wa shati moja umetoka dukani mwezi uliopita. Weupe wa lingine umetoka kwenye sabuni na mkono wa mama aliyeamka kabla ya jogoo. Kola moja imegeuzwa, upande uliochakaa umefichwa ndani, na mshono ni wa mkono, hatua ndogondogo zilizolingana. Nikiona kola ile kwenye meza ya mashindano ninajua kwamba kuna mtu wa tano katika timu, na yuko nyumbani.

Mcheza kwao hutuzwa. Timu ikishinda hubebwa juu juu, nyeupe na bluu zinaruka hewani, na mara nyingi kiatu kimoja hupotea. Mashindano hayo yana kila kitu kinachokifanya kipindi cha Ufaransa kipendwe: haraka, hofu, fahari na mshangao. Kitu kimoja tu kinakosekana. Yakishakwisha, hayarudii tena. Hakuna marudio.

Albamu zilizoungua

Ufaransa ina taasisi iitwayo INA, iliyoanza kazi mwaka 1975, ambayo wajibu wake ni kutunza kilichorushwa na redio na televisheni. Mwaka 1992 sheria ikaongeza kwamba vipindi hivyo viwekwe akiba ya taifa kama vitabu vinavyowekwa maktaba. Wameamua, kama taifa, kwamba triko la mshindani wa Jumanne moja ya mwaka 1993 lisipotee. Kwa sababu hiyo mtoto wa Masisi anaweza kulicheka leo.

Sasa mwulize mtoto huyohuyo babu yake alivaa nini mwaka 1993. Katika Masisi na Walikale mwaka ule ulikuwa wa vita kati ya majirani. Mwaka 1996 vikaja vingine, na baada ya hapo karibu kila kizazi kimepata vyake. Mwezi Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, na mwezi Machi yakafika Walikale-centre. Anayekimbia hana muda wa kuchagua sana. Huvaa nguo tatu moja juu ya nyingine, hubeba mtoto, sufuria na godoro. Albamu ya picha ni nzito na haipikiki. Inabaki ndani ya sanduku, na sanduku linabaki ndani ya nyumba, na nyumba inachomwa.

Hivyo ndivyo familia nyingi zilivyopoteza picha ya harusi ya mwaka 1978, bwana harusi akiwa na abacost na bibi harusi akiwa na kikwembe cha kiwanda cha Sotexki cha Kisangani. Zilipoteza picha ya ubatizo ambapo shangazi alivaa nywele za bandia mara tu ziliporuhusiwa. Zilipoteza picha ya darasa la sita, na ile ya studio yenye pazia la mandhari ya bahari, ambayo kila kijana alipiga akiwa na miwani ya mpiga picha. Watoto wa familia hizo wanawajua Wafaransa wa miaka ya 1990 kwa nguo zao, mmoja mmoja, na hawajui bibi yao alipendeza vipi akiwa na miaka ishirini.

Kuchekwa na wajukuu ni heshima. Mjukuu anayecheka suruali pana ya babu yake amemwona babu akiwa kijana, amejua kwamba alikuwa na kiuno, na tamaa, na hela kidogo aliyoipeleka kwa fundi badala ya sokoni. Baada ya kicheko huja swali, na baada ya swali huja hadithi. Tai yenye fundo lisilofunguliwa ilileta katika chumba kimoja historia ya miaka kumi na minane ya taifa, na watoto hawakusinzia. Tunawanyima wajukuu elimu hiyo kila tunapoacha nguo zetu zipite bila kumbukumbu.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Simu zinazobeba vipindi vya Ufaransa zina kamera. Mtu mwenye picha ya zamani iliyonusurika aipige tena leo kwa mwanga mzuri, aandike majina, mahali na mwaka, na nakala aitume kwa ndugu wa Goma, wa Kampala, wa Nairobi, kwa kila mwenye paa ambalo bado limesimama. Mapadri na wachungaji wana picha za ubatizo na ndoa, wafungue makabati. Wapiga picha wa zamani wa Sake na Mubi wana filamu zilizosahaulika kwenye mikebe. Watafutwe kabla unyevu haujawatangulia. Na Génies en herbe ijayo, itakapofanyika, mtu mmoja asimame nyuma na simu na arekodi mashindano yote tangu mwanzo: maswali, majibu, kola iliyogeuzwa, na mzee wa mstari wa mbele mwenye koti la suti na mabuti ya mpira. Huyo arekodiwe kuanzia chini kwenda juu, tusije tukaachiwa swali la viatu kama walivyotufanyia Wafaransa.

Miaka thelathini ijayo watoto watakaa mbele ya skrini za aina tusiyoijua. Wataona suruali zetu zilizobana, jezi za timu ambazo hatukuwahi kuzichezea, mashati yenye maneno tusiyojua maana yake, vitenge vya tarehe 8 Machi vya rangi za kuumiza macho. Watacheka sana. Wawe na cha kucheka, na anayecheka aweze kuuliza huyu ni nani, na awepo mtu wa kumtajia jina.